Vua Viatu, Ingia Kisutu
Ukitoka Kariakoo ukavuka viwanja vya Mnazi Mmoja, mwendo mfupi wa miguu unakufikisha Mtaa wa Kisutu, ambako mahekalu ya Wahindu yamekaa jirani kwa jirani katikati ya maduka na maghorofa. Wengi wetu tunapita hapo kila siku tukiwahi daladala, wala hatujawahi kuvuka kizingiti, na hiyo ni hasara. Adabu yake si ngumu: omba ruhusa mlangoni, vaa nguo za heshima, vua viatu, usipige picha bila idhini. Ndani utasikia kengele ikigongwa na anayekuja kusali, utanusa ubani na maua, na huenda ukapewa prasadi, chakula kilichokwisha kutolewa kwa miungu. Kipokee kwa mkono wa kulia. Aliyekulia misikiti ya Kariakoo hatajiona mgeni kabisa, maana kuvua viatu mbele ya patakatifu alifundishwa tangu utotoni. Patakatifu huweza pia kutunza ufundi: kule Japani, hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho 2013, na kwa njia hiyo mafundi wazee huwarithisha vijana kazi ya mikono. Sisi majengo ya kale ya katikati ya jiji tunayabomoa tupandishe minara ya vioo, na ujuzi wa waliochonga milango yake unapotea. Ni kosa kubwa. Walimu wa historia, wapelekeni wanafunzi Kisutu, kisha Kanisa la Mtakatifu Yosefu lililokamilika 1902, wangali wanayakuta yamesimama.