Hiyo Taa Inalipiwa na Gunia la Nani?

Nilipoacha chuo, kibarua cha kwanza nilichopata ni kupamba kumbi za harusi hapa Kitale. Kazi yangu: kupanda ngazi na kufunga shandelia. Zilikuwa plastiki tupu, lakini kwenye orodha ya bei ziliandikwa "za Kiingereza", na hapo ndipo bili ilipopaa. Shangazi yangu wa kule Kwanza aliuza magunia 12 ya mahindi ili binti yake aolewe chini ya taa hizo. Picha zilitoka poa sana. Msimu uliofuata, shangazi alikopa pesa ya mbolea.

Nikilalamika naambiwa, "Wacha ushamba, hicho ndicho kiwango." Sawa, tuongee kuhusu hicho kiwango.

Shandelia halisi za Kiingereza ni za vioo vilivyochongwa, vyenye madini ya risasi ndani, ndiyo maana ni vizito na vinameremeta. Kuanzia 1745 hadi 1845 serikali yao ilitoza kioo ushuru kwa uzito. Ushuru ulipoondolewa, viwanda vikapanuka. Mwaka 1851 kampuni ya Osler ya Birmingham ilisimamisha chemchemi ya kioo ya tani 4 kwenye maonyesho makubwa ya London. Wateja wake wakubwa walikuwa watawala wa India. Mji huohuo wa Birmingham ndio uliotengeneza bunduki zilizobadilishwa na watu kule Afrika Magharibi. Hayo huwezi kuyaona kwenye tangazo la mnada.

Huku kwetu, angalia Zanzibar. Masultani walijaza majumba yao vioo na taa kutoka Ulaya. Sultani Barghash akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Pesa zilitoka wapi? Sehemu kubwa ni karafuu za Unguja na Pemba, zilizochumwa na watumwa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria huko hadi 1897. Leo mtu anainua macho darini anasifu mikono ya fundi wa Ulaya. Na mikono iliyochuma karafuu je?

Sisemi tuzivunje. Aliyechonga kile kioo alikuwa fundi kwelikweli. Ninachokataa ni hilo jina. Ukisema "ya Kiingereza" umemtaja aliyeuza, ukamfuta aliyelipa. Halafu unarudi Trans Nzoia kulipa tena, safari hii kwa mahindi, na unapewa plastiki.

Kiswahili kina neno lake la zamani: thurea. Limetoka Kiarabu, ambako pia ni jina la kundi la nyota. Nyota hizohizo sisi tunaziita Kilimia, kwa sababu ndizo zilizomwonyesha mkulima kwamba wakati wa kulima umefika.

Kwa hivyo ukiitwa kwenye kamati ya harusi mwaka huu, kabla hujachanga hata mia, uliza mbele ya watu wote: hiyo taa inalipiwa na gunia la nani?