Tumbawe Laini Hufungwa, Haligandishwi

Wasee wa Kitengela, tuanze na kicheko. Maji ya borehole hapa kwetu yana chumvi mpaka chai inalalamika, na bado mimi nikatoa pesa kununua chumvi ingine ya paketi, nitengeneze bahari ndogo hapo kando ya TV. Mathe akaniuliza, "Kwani hii ya mfereji haikutoshi?" Haitoshi, mathe. Bahari ina karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na ya borehole ina madini yake ambayo matumbawe hayataki. Lazima uanze na maji yaliyochujwa safi, ndiyo uchanganye.

Lakini leo sitaki kuongea maji. Nataka kuongea gundi, kwa sababu imeniua vipande viwili na nimechoka kuona watu wakifundishwa hiyo makosa.

Jamaa mmoja wa Nairobi alinipa vipande vitatu vya lile tumbawe laini ambalo wafugaji wa Marekani na Ulaya wanaliita Kenya Tree. Ndiyo, mti wa Kenya. Lina jina la nchi yetu na wengi wetu hatujawahi kuliona. Nilijiona mzalendo kabisa. Nikafungua video, nikaona msee wa majuu anaweka tone la supagluu kwenye jiwe, anabandika kipande, anatabasamu, video imeisha. Nikafanya vivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi gundi ilikuwa kwa jiwe, tumbawe halikuwepo. Moja nililikuta limenyonywa na pampu. La pili lilikuwa limelala nyuma ya mawe, linaoza, na tanki dogo likioza kitu kimoja maji yote yanaharibika. Video haikuonyesha hiyo kesho yake.

Sababu ni rahisi ukishaijua. Tumbawe gumu lina mifupa ya chokaa, kwa hivyo gundi inapata mahali pa kushika. Tumbawe laini halina mifupa hiyo. Ni nyama iliyojaa maji, na ukilikata linatoa ute mwingi. Sasa unagandisha ute. Halafu linajikunja na kujitanua kila siku, kwa hivyo hata kama gundi ilishika kidogo, linajibandua lenyewe.

Aliyenifungua macho hakuwa mtaalamu wa samaki. Ni koko yangu wa Mashuuru, ambako bahari ni hadithi. Nilikuwa huko likizo nikamkuta anarekebisha ua la boma. Anakata tawi la osilalei, anasimamisha kwenye udongo, anaegemeza, anaendelea na ingine. Nikamuuliza, "Koko, na hizi zitashika?" Akasema, "Mimi nazizuia zisianguke tu. Kushika ni kazi yake."

Manze. Nilirudi Kitengela nikaanza upya na kipande cha tatu.

Hivi ndivyo nilifanya. Nilichagua kijiwe kidogo chenye uso wa kukwaruza, si laini. Nikaweka kipande juu, nikafunika na kipande cha neti kama ile ya shela ya bibi harusi, nikakaza neti chini ya kijiwe na raba bendi. Uzi pia unafaa, lakini usikaze kama unafunga gunia la makaa, utakata nyama. Nikaweka kijiwe ndani ya bakuli pale maji yanatembea polepole, mbali na pampu. Halafu nikakaa mbali. Hiyo ndiyo sehemu ngumu. Siku ya nne nilitaka kuchungulia, nikajizuia. Baada ya kama wiki mbili nikakata neti, na tumbawe lilikuwa limeshika lenyewe.

Sasa gundi ina nafasi yake, nisiwe mkaidi. Supagluu ya jeli ni poa kugandisha kile kijiwe kwenye mwamba mkubwa. Jiwe kwa jiwe, sawa. Nyama kwa jiwe, hapana. Na kitu kimoja cha maana kuliko gundi: kuna matumbawe ya familia ya zoa ambayo mengine yana sumu kali sana. Usikate bila glavu na miwani, na usiyachemshe eti unasafisha jiwe.

Mtu atasema, "Si ni kipande tu, kikifa unatafuta kingine?" Hapo ndipo tunakosana. Kingine kinatoka wapi? Mwaka wa 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Pwani yetu yalipauka na kufa. Kule Wasini, Kwale, wanakijiji na watafiti wa KMFRI wamekuwa wakiyarudisha kipande kwa kipande, kwa mikono, chini ya maji. Hifadhi za Malindi na Watamu zipo tangu 1968 ili yasiguswe. Halafu wewe unaenda Diani na SGR, unavunja kipande, unakiweka kwa chupa ya maji, kinakufa kabla hujafika Emali. Usifanye hivyo. Omba kipande kwa mtu anayefuga, kitunze kishike, kikikua umkatie mwingine.

Lile langu sasa limeanza kudondosha matawi lenyewe. Ndivyo linavyozaana: tawi linakatika, linaelea, linatua mahali, linashika. Halikuniomba gundi hata siku moja. Mawili tayari nimeyafungia neti, na moja lina mwenyewe: binamu yangu wa Kajiado mjini. Nimempa sharti moja tu, asiguse kwa wiki mbili. Jana amenipigia mara tatu akiuliza kama anaweza kuchungulia kidogo.

Hapana, buda. Ngoja.