Uchovu Wetu Si Kosa la Tabia Zetu

Kuna imani iliyoenea sana miongoni mwetu tuishio ughaibuni, na nguvu yake ni kwamba inasikika kama hekima. Inasema: maisha yakikuzidi, jirudi nafsini mwako. Amka nusu saa kabla ya wengine, zima simu, tembea kando ya mto. Kwa utulivu huohuo utaanza kuishi bila kuichafua dunia: utabeba kikapu, utaacha gari, utapunguza nyama. Kwa imani hii utulivu wa moyo na usafi wa mazingira ni mali ya mtu mmoja mmoja, na anayevikosa amevikosa kwa uzembe wake. Tunaisikia kwenye mahubiri, kwenye ujumbe wa sauti unaozungushwa WhatsApp, kwenye semina za kazini kuhusu afya ya akili. Mimi naipinga, na mahali pazuri pa kuipingia ni Woolwich, kusini-mashariki mwa London, kwa sababu historia ya mji huo inaikanusha hatua kwa hatua.

Tuanze na nafsi. Mtu hawezi kukaa na nafsi yake kama hana saa za kukaa nayo, na saa hazizaliwi na nia njema. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya Woolwich iliitegemea Royal Arsenal, karakana za serikali zilizotengeneza mizinga na risasi ukingoni mwa Mto Thames. Tusijifiche ukweli: silaha zilizotoka pale ziliilinda himaya iliyokuja kututawala. Hata hivyo waliozitengeneza walikuwa mafundi na vibarua waliochoka, na uchovu wao haukupunguzwa na mawaidha. Ulipunguzwa mwaka 1894, pale Henry Campbell-Bannerman, waziri wa vita wa wakati huo, alipoidhinisha wiki ya kazi ya saa 48 katika karakana hizo, baada ya vyama vya wafanyakazi nchini Uingereza kudai siku ya saa nane kwa miaka mingi. Kabla ya hapo, mwaka 1886, mafundi wa karakana ya Dial Square walikuwa wameunda timu ya mpira ambayo leo inapendwa kutoka Mombasa hadi Bujumbura kwa jina la Arsenal. Ni mashabiki wachache wanaokumbuka kwamba mpira wa wafanyakazi ulistawi Uingereza kwa sababu Jumamosi alasiri ilikuwa imeachwa huru. Hakuna fundi aliyejitafutia alasiri hiyo peke yake. Kazi ilisimama kwa wote kwa pamoja, ndipo watu kumi na mmoja wakaweza kukutana uwanjani.

Namba hiyo ya 48 imo hadi leo katika kanuni za saa za kazi za Uingereza za mwaka 1998: wastani wa saa 48 kwa wiki, saa 11 za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, wiki 5.6 za likizo yenye malipo. Lakini kanuni hizo ziliachiwa upenyo. Mfanyakazi anaweza kutia saini karatasi inayoruhusu afanyishwe kazi zaidi ya saa hizo, na mara nyingi karatasi hiyo huletwa pamoja na mkataba, siku ambayo mtu anaitaka kazi kuliko kitu kingine chochote. Wengi wetu tunatia saini bila kuuliza. Mtu anayehudumia wazee majumbani kati ya Woolwich, Plumstead na Thamesmead, anayetoka alfajiri kwa basi na kurudi usiku, huku katikati ya mchana kukiwa na saa zisizolipwa za kungoja mzee mwingine, hana nusu saa aliyoificha mahali. Ukimwambia atenge muda wake, umemwambia apunguze usingizi.

Wapo watakaojibu kwamba utulivu ni jambo la rohoni, na kwamba dini zetu zimewafundisha hata watumwa na wafungwa kuupata. Pingamizi hili ni zito na silidharau. Lakini tuzitazame dini hizohizo zinavyofanya kazi. Hakuna hata moja iliyomwachia muumini ajitafutie wakati wake wa kupumzika. Swala ya Ijumaa ina saa yake, na saa hiyo ni ya jamaa nzima. Mfungo una mwezi wake. Itikafu, ambayo ni kujitenga na dunia kwelikweli, hufanywa msikitini katikati ya waumini wengine, na wapo wanaoshughulikia futari ili aliyejitenga asishughulike. Amri ya Sabato inamtaja mtumishi, mgeni na hata mnyama wa kazi, kwa sababu walioipokea walijua kwamba bwana akipumzika huku mtumishi wake anahangaika, hilo si pumziko la jamii. Wazee wetu wa imani waliufanya utulivu kuwa ratiba ya wote. Leo katika kituo cha Kiislamu cha Greenwich, kilichoko Plumstead Road, anayeiwahi Ijumaa ni yule ambaye zamu yake imemruhusu, na asiyefika hatuna haki ya kumhesabia udhaifu wa imani kabla ya kuuliza nani alipanga zamu.

Upande wa mazingira ushahidi ni mkali zaidi. Chukua mtu wa Woolwich anayechemsha chai kwa birika la umeme. Mwaka 2012 karibu asilimia 40 ya umeme wa Uingereza ulitokana na makaa ya mawe. Tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa. Chai ni ileile, birika ni lilelile, tabia haikubadilika hata kidogo, lakini hewa ya ukaa inayotokana na chai hiyo imepungua mno. Kilichobadilika ni sera, kodi ya kaboni, na mitambo ya upepo baharini. Bidii yote ya kaya moja kuzima taa haiwezi kufikia kilichofanywa na hatua hizo. Wala si bahati kwamba tulifundishwa kutazama taa na si mtambo. Kampuni iliyolisambaza sana wazo la kila mtu kupima kaboni yake binafsi ilikuwa BP, kampuni ya mafuta, ambayo mwaka 2004 iliweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha kupigia hesabu hiyo. Muuza mafuta alimkabidhi mnunuzi daftari la dhambi, na sisi tukalipokea kwa unyenyekevu. Mtanzania wa kawaida husababisha chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka bila daftari hilo. Ndugu yake aliyeko London, daftari mkononi, anajilaumu kwa mfuko mmoja wa plastiki.

Gharama ya kuhubiri tabia huku mfumo ukiachwa imekwisha kuandikwa mahakamani. Barabara ya South Circular inaizunguka London ya kusini na kuishia Woolwich, kwenye kivuko. Kando ya barabara hiyo, huko Lewisham, aliishi Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa aliyefariki Februari 2013 baada ya kuteswa na pumu. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, na kwa mara ya kwanza Uingereza sababu hiyo ikaandikwa kwenye cheti cha kifo. Mama yake, Rosamund, hakuwa amepewa taarifa za hatari iliyokuwa nje ya mlango wake. Ni tabia gani ya kijani ambayo mtoto huyo angeishika ili apone? Kilichobadilisha hewa ya London ni eneo la magari yenye moshi mdogo, ULEZ, lililoanza katikati ya jiji mwaka 2019, likafika South Circular Oktoba 2021, na kuifunika London yote Agosti 2023. Taarifa ya ofisi ya Meya ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba hewa ya naitrojeni dioksidi kando ya barabara ilikuwa chini kwa asilimia 27 kuliko ambavyo ingekuwa bila hatua hiyo. Huko Rochdale, mtoto mwingine, Awaab Ishak, mwana wa wazazi wa Kisudani, alifariki Desemba 2020 kwa sababu ya kuvu iliyotanda katika nyumba ya kupanga. Wazazi walilalamika, na wenye nyumba wakahusisha kuvu hiyo na mtindo wa maisha wa familia. Hapo ndipo imani ninayoipinga inapofikia mwisho wake: ukuta unaoza, na anayelaumiwa ni mpangaji kwa namna anavyopika na kuoga.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linasema kwamba sheria haishuki kutoka mbinguni. Huanza na watu wachache walioamua kuishi tofauti. Ni kweli, ila tuangalie watu hao walifanya nini baada ya kuamua. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na mmoja wa waliolisukuma jambo hilo alikuwa James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru. Angeweza kukataa mifuko dukani maisha yake yote na Nakuru isingesafika. Alipiga picha za takataka, akazisambaza, akawabana viongozi mpaka serikali ikachukua hatua. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019, na kikapu cha ukili kikarudi sokoni kwa sababu mfuko uliokishinda kwa bei ulikuwa umeondolewa. Woolwich yenyewe ina mfano wa kale. Mwaka 1868 wafanyakazi wa Arsenal walianza kununua bidhaa kwa pamoja, na ushirika wao, Royal Arsenal Co-operative Society, ukakua mpaka ukawa na viwanda vya mikate, maduka makubwa Powis Street, na nyumba za wanachama huko Bostall. Kununua mkate ni tabia ya kila siku na ni ndogo. Ilipata nguvu ilipowekwa katika daftari moja na mikate ya maelfu ya majirani, wakagawana faida na kuchagua viongozi. Kwa hiyo sisemi kikapu hakina maana. Nasema kikapu cha mtu mmoja, kikiachwa kiwe cha mtu mmoja, kinampa faraja na kuuacha mji kama ulivyokuwa.

Lipo pia lalamiko kwamba sheria huumiza maskini kwanza. Ada ya ULEZ ya paundi 12.50 kwa siku ni fedha nyingi kwa fundi bomba mwenye gari kuukuu, na faini za Kenya, zinazofika shilingi milioni 4, zilimtisha mama wa genge kuliko mwenye kiwanda. Nakubali, na nadhani watetezi wa mazingira wameyapita maumivu haya haraka mno. Lakini dawa yake ni sheria inayolipa fidia. London ilitoa ruzuku kwa wanaoachana na magari yenye moshi, na kosa lilikuwa kuifungua kwa wakazi wote Agosti 2023, mwezi uleule eneo lilipopanuliwa, badala ya miaka kabla. Kumwachia fundi huyo dhamiri yake peke yake kungemfanya aendelee kuvuta moshi pamoja na watoto wake, kwa kuwa familia zenye kipato kidogo ndizo zinazopanga kando ya barabara kubwa.

Mahali ambapo pumziko na mazingira vinakutana katika Woolwich ni nyasi za Plumstead Common, mwendo mfupi kupanda kilima. Nyasi zile nusura zipotee. Wamiliki walikodisha vipande, nyua zikajengwa, na jeshi likaigeuza sehemu ya uwanja kuwa ya mazoezi. Julai 1876 umati ukiongozwa na John De Morgan uling'oa nyua hizo. De Morgan alifungwa jela, lakini mwaka 1878 Bunge lilipitisha sheria ya kuuhifadhi uwanja kwa ajili ya watu wote. Anayetembea pale leo kutuliza moyo anakanyaga ushindi wa watu waliokataa kutulia.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu ni bayana. Karatasi ya kuzidisha saa 48 inaweza kufutwa: mfanyakazi akiandika kwamba ameiondoa ridhaa yake, ridhaa inakoma baada ya siku saba, au kwa muda mrefu zaidi kama mkataba unasema hivyo, usiozidi miezi mitatu, na sheria inamkataza mwajiri kumwadhibu kwa hilo. Mmoja akifanya hivyo peke yake huogopa kunyimwa zamu. Wakifanya wahudumu wote wa kampuni moja, mpangaji wa zamu hana budi kuajiri. Saa za safari kati ya mzee na mzee, nyumba zisizopitisha baridi, mabasi ya alfajiri, haya yote yana ofisi zinazohusika, kuanzia halmashauri ya Greenwich hadi Bunge. Na Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anayeishi Woolwich kwa kibali halali, hata kama hana uraia wa Uingereza, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa halmashauri na wa Bunge, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Ndugu zetu Wakongo na Wasomali hawana haki hiyo mpaka wapate uraia, lakini mlango wa chama cha wafanyakazi uko wazi kwao kama kwa mwingine yeyote.