Ulanzi mtamu si juisi ya mtoto (sehemu ya 6)

Mama zangu, mvua zikishika huku Iringa na Njombe, ulanzi unagemwa kila siku, na kuna kauli siipendi kabisa: "Huu ni mtogwa, mpe tu mtoto, haulevi."

Jamani! Utomvu wa mwanzi una sukari, na hamira ya asili imo humo humo kwenye mbeta. Unaanza kuchacha ungali unadondoka. Asubuhi mtamu, jioni pombe, na ulimi haupimi kilevi.

Sisemi baba asinywe. Nasema mjamzito na mtoto wasionjeshwe hata kidogo. Mtoto akishakunywa akalegea, akasinzia isivyo kawaida, usiseme "mwache alale, itaisha." Sukari ya damu inaweza kushuka. Mlete hospitali usiku huo huo, hatutakugombeza.