Mchawi wa Hadithi na Bibi wa Jirani

Jioni moja, nilipokuwa Kewanja kwa kazi za serikali, vijana walinikaribisha katika banda la video. Kewanja ni kijiji cha wilaya ya Tarime, mkoani Mara, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Picha iliyoonyeshwa ilitoka nchi za ng'ambo. Ilisimulia habari za wanawake wachawi wa zama hizi, wakaao katika mji mdogo, ambao majirani zao wanawasaka usiku kwa mienge na bunduki. Mtungaji alikuwa upande wa wachawi. Wasakaji aliwapa sura ya ukatili. Wachawi akawapa uzuri, upole na machozi. Vijana waliwahurumia mno. Tulipotoka nje, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, "Mzee, kumbe hata kwa Wazungu wapo?"

Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Kijana yule alikuwa ametazama picha inayolaani uonevu, walakini alichotoka nacho mle bandani ni ushahidi kwamba wachawi wapo. Wala sikumlaumu, maana picha yenyewe ndiyo iliyomfunza hivyo. Wanawake wale walipaa angani, wakawasha moto kwa kutazama tu. Kwa hiyo msakaji wa picha ile ana kosa la ukali. Hana kosa la uongo. Alisema jirani yake ni mchawi, na picha ikamthibitishia kwamba amesema kweli.

Nadai, basi, kwamba hadithi inayomhurumia mchawi, lakini ikashikilia kuwa ni mchawi kweli, haimtetei mtu yeyote katika nchi hii. Kwanza inamtia hatiani, kisha inamwombea msamaha. Bibi kizee wa kijijini haombi msamaha. Anachodai ni kusadikiwa kwamba hakutenda neno.

Tusidhani kuwa haya ni mabishano ya wasomaji wa vitabu. Kati ya mwaka 1970 na 1984, Tanzania Bara ilipoteza watu zaidi ya 3,600 katika mauaji yaliyotokana na tuhuma za uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, majirani zetu sisi wa Mara. Baada ya miaka hiyo mauaji ya vikongwe hayakukoma. Yameendelea kuandikwa magazetini hata katika karne hii. Hao wote hawakuwa watu wa hadithi. Walikuwa na mashamba, wajukuu na majina.

Na tuhuma huzaliwaje? Aghalabu mtoto hufa kwa malaria, au ng'ombe huanguka zizini, au biashara hudorora. Wafiwa huenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hana budi kutoa jibu, kwa kuwa jibu ndilo analolipwa; naye hutoa maelezo yanayomwelekea mtu wa karibu. Mtu huyo mara nyingi ni mwanamke mzee, mjane, asiye na mwana wa kumsemea, na pengine ameshika kipande cha ardhi ambacho shemeji zake wanakitamani. Macho yake ni mekundu. Watu husema wekundu huo ni alama ya uchawi, hali kila mwenye jiko la kuni anajua alama hiyo imetoka wapi: miaka hamsini ya kupulizia moto katika nyumba isiyo na dohani, penye moshi wa kuni, na penye uhaba wa kuni, moshi wa samadi. Amepata macho hayo kwa kuwapikia haohao watakaomhukumu. Kisha hukodiwa vijana wenye mapanga, na asubuhi kijiji kizima husema hakikusikia kitu.

Uovu huu haukuishia kwa wakata mapanga. Mwaka 1976, katika mikoa hiyo ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu wengi ili kukomesha mauaji, na baadhi ya waliokamatwa waliteswa hata wakafa mikononi mwa walinzi wao. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya yale ambayo yeye mwenyewe hakuyatenda. Tendo lake lastahili kufundishwa shuleni. Aidha, tukumbuke kwamba chanzo cha mateso yale, ukifuata uzi hadi mwanzo wake, kilikuwa kauli ya mtu mmoja aliyenyosha kidole na kusema, "Yule ni mchawi."

Tukiwa na hamu ya mji mdogo wa ng'ambo, tuutazame mji wa kweli. Mwaka 1692 huko Salem, Massachusetts, watu 19 walinyongwa kwa kosa la uchawi, 14 kati yao wakiwa wanawake, na mzee mmoja alikandamizwa kwa mawe hata akafa. Mahakama ilikubali ushahidi wa watu waliodai kuteswa na vivuli vya majirani zao. Baadaye baadhi ya waliohusika walikiri makosa, na mwaka 1711 serikali ya huko ikawalipa fidia warithi wa wengi wa waliohukumiwa. Fidia ile haikulipwa kwa kuwa wachawi walihukumiwa kwa ukali kupita kiasi. Ililipwa kwa kuwa walihukumiwa wasio na hatia. Arthur Miller, alipotunga tamthilia yake The Crucible mwaka 1953, hakumpaisha mtu yeyote angani. Alionyesha hofu, ugomvi wa mashamba na uongo wa wanadamu. Na bado mtazamaji hukosa pumzi kwa taharuki.

Najua nitajibiwa kwamba hadithi ni hadithi, na mtunzi ana haki ya kutisha na kuburudisha. Sikatai. Sitaki picha zipigwe marufuku wala vitabu vichomwe. Ila namkana anayesema kwamba taharuki haipatikani bila kuthibitisha ushirikina. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960, alitupa mahali pa kuogofya, penye maiti na minong'ono ya mizimu. Kisha akamleta Bwana Msa na kiko chake, akapekua hatua kwa hatua, hata tukaona mkono uliotenda ni mkono wa binadamu. Msomaji aliyeingia na hofu alitoka na akili. Nasi twaweza kuandika hivyo leo, tena kwa visa vya kwetu: nani alimlipa mpiga ramli, nani alirithi shamba, nani alinyamaza.

Watakuja wengine waseme kwamba kukana uchawi ni kukana utamaduni wetu na kujifanya Mzungu. Hoja hii ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa imevaa joho la uzalendo. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, mwana wa Mara, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliitaka itafute mila zilizo bora katika makabila yetu. Hakuiambia ihifadhi kila jambo kwa kuwa ni la kale. Wakuria wana iritongo, mkutano wa hadhara wa jamii, ambamo jambo husemwa mchana, uso kwa uso, na watu wakisikia. Hilo ni jambo la kujivunia. Kumvamia mjane usiku kwa panga la kukodi ni kinyume cha iritongo, si mila yake. Na wahenga waliosema "Mchawi mpe mwana amlee" walituachia somo: hata yule unayemshuku, dawa yake ni kumwamini na kumkabidhi kilicho chako. Hawakusema mchawi mpe panga.

Turudi Kewanja. Mahali penye dhahabu pana tajiri wa ghafla na maskini wa ghafla, na yote mawili huamsha maswali ambayo mpiga ramli hufurahi kuyajibu. Tuliona jinsi imani hiyohiyo, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ilivyowageukia ndugu zetu wenye ualbino, wakauawa na kukatwa viungo kwa ahadi ya utajiri, hata Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Lakini mwezi Mei wa mwaka huohuo maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe. Watu wakalalamika kwamba ng'ombe wanakufa na ngozi zao wenyewe zinaharibika. Wakati ule hawakumtafuta bibi kizee wa kumtwika lawama. Walidai maji yapimwe, na maji yakapimwa. Mtu anayedai kipimo cha maji amekwisha kuvuka mto mkubwa kuliko Tigithe. Kilichobaki ni kwamba anapokufa mtoto adai kipimo vilevile, aulize daktari kabla ya kuuliza ramli.

Walimu, kazi hii ni yenu kuliko ya polisi, kwa kuwa polisi hufika baada ya panga. Wanafunzi wakileta darasani hadithi ya wachawi, msiwanyang'anye. Waulizeni: Nani katika hadithi hii alisema huyu ni mchawi? Alijuaje? Alifaidika na nini? Hadithi isiyoweza kujibu maswali hayo haijamtetea mtu, hata ikimwaga ndoo za machozi.

Nanyi vijana, mna bibi zenu. Yaangalieni macho yao jioni wanapopuliza moto. Yule mwanafunzi wa Kewanja nilimjibu, "Mura, kwa Wazungu walikuwapo watu waliosingiziwa, kama walivyo kwetu. Waliopaa ni wacheza picha, nao walilipwa." Akacheka, kisha akanyamaza kitambo. Halafu akaniambia kwamba bibi yake mzaa baba analala peke yake, na kwamba tangu usiku ule angehamishia kitanda chake kwa bibi.