Maziwa ya Kilosa: nani atakubali kumwaga?

Wadau, juzi nilikuwa Mikumi, pale barabara kuu ya Iringa, nikaagiza chai ya maziwa. Mama aliyeleta maziwa mgahawani akawa anasimulia: ng'ombe wake kavimba kiwele, kanunua dawa dukani, jana yake kamchoma sindano mwenyewe. Nikamuuliza, mama, maziwa ya huyo ng'ombe yako wapi? Akacheka tu. Nikaitazama chai yangu!

Jamani tusimlaumu haraka. Huku Kilosa, Parakuyo na Twatwatwa, maziwa ndiyo hela ya akina mama wa Kimaasai: unga, sukari, madaftari ya watoto. Mnunuzi anapima lita, hapimi ugonjwa. Ukimwaga, hasara yako peke yako. Ukichanganya, hakuna anayejua.

Na msidanganyane eti tutachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila antibiotiki nyingi hubaki humo humo. Ndo maana dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa.

Kibaya zaidi, mara nyingi ugonjwa hauonekani. Kiwele kizima, maziwa meupe, yanapungua tu. Kipimo chake ni cha dakika chache: maziwa kidogo ya kila chuchu, unatia dawa ya kupimia, yakivutika kama ute ujue kuna tatizo. Mimi nasema kiwekwe pale maziwa yanapokusanywa, na anayeleta masafi alipwe zaidi. Sheria ya Maziwa tunayo tangu 2004, na SUA wako hapo Morogoro mjini.

Wadau wa Kimamba, kwenu bwana mifugo anafika mara ngapi?