Geita ina dhahabu, haina ukuta wa kutundika mchoro

Kuanzia Oktoba 2024 hadi Mei 2025, jumba la taifa la sanaa za kisasa mjini Edinburgh, Uskochi, lilikusanya kazi za zaidi ya miaka 40 za Everlyn Nicodemus, mchoraji aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London ilikuwa imenunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982, ya kwanza ya aina hiyo ya mwanamke mweusi kuingia katika hazina yake. Anastahili yote hayo. Ila maonesho yake ya kwanza yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980, na yale ya kukusanya kazi zake kwa pamoja yakaja kufanyika ugenini. Kama jiji lenye makumbusho limepitwa hivyo, mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako msichana mwenye kipaji hana hata ukumbi wa kutundika picha zake, zitegemee nini?

Na si kwamba Usukumani, iliko mikoa hii, hakukuwa na wachoraji. Bayeye, wale wacheza na nyoka wenye chama chao na dawa zao, walichora ndani ya nyumba walimokutania: nyoka, watu na viumbe vya masimulizi yao, kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi juu ya udongo. Nyumba ya udongo ikishaezuliwa haimalizi masika mawili, na mchoro huenda nayo. Sehemu ya kazi hizo tunaijua kwa sababu Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alizinakili akachapisha kitabu London mwaka 1953. Nyaraka zake ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtafiti anazifikia, mwanafunzi wa Kahama au Nyang'hwale hazioni.

Hoja yangu ni kwamba mikoa hii ijenge ukumbi wa kudumu wa sanaa, na fedha zitoke kwenye madini. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuwajibika kwa jamii na kuafikiana na halmashauri. Fedha za mpango huo, ambazo kila diwani anaziita CSR, ndizo zinazogombewa. Atakayesema zahanati na madawati kwanza ana haki, na mimi sitaki hata dawati moja lipunguzwe. Lakini uwanja wa mpira wa Magogo mjini Geita umejengwa kwa fedha hizo hizo, na hatukusikia mtu akiuliza mpira unatibu ugonjwa gani. Tulikubali, na ni sawa, kwamba watu wa mgodini wanahitaji kitu zaidi ya tiba. Kujua kuandaa maonesho nako tunajua: tangu 2018 Geita inafanya maonesho ya teknolojia ya madini, na watu wanatoka mbali kuja kuangalia makarasha ya kuponda mawe na mitambo ya kuchenjua. Banda moja la picha halingemzuia mtu kuuza karasha.

Pingamizi zito zaidi ni la imani. Wapo watakaosema michoro ya Bayeye ni uganga, na katika mikoa ambayo vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, hofu hiyo siichukulii kwa mzaha. Hata hivyo, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, wilayani Magu, alikuwa padre, David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Alijenga na kanisa la duara lenye alama za utemi, na waumini wanasali humo mpaka leo. Kitu kikitundikwa mchana kweupe, kikaandikiwa maelezo, hofu yake hupungua. Kinachofichwa ndicho kinachozaa uvumi. Bujora imefanya kazi kubwa kwa mkoa wa Mwanza, lakini haiwezi kuwa ukumbi wa Shinyanga na Geita pia.

Kwa hiyo madiwani wa Geita, Msalala na Kahama, mtakapokaa na migodi kupanga miradi ya mwaka ujao, wekeni ukumbi wa sanaa kwenye orodha. Kisha mwiteni Nicodemus aje aufungue, angali hai.